Kitambaa cha Kituo cha Sita

Ijumaa, 27 Machi
Nimetoka shule, nimechukua ufunguo kwa katekista, nimefagia kanisa. Vumbi la Kasikeu haliishi. Kisha nikapangusa Vituo vya Njia ya Msalaba, vile vya kuchongwa. Cha sita kilikuwa na mavi ya mjusi. Nikalowesha kitambaa kwa maji na sabuni ya unga. Nikasugua.

Uso wa Yesu ukatoka.

Weusi wote uko kwenye kitambaa. Kumbe wachongaji hupaka polishi ya viatu! Mti umebaki mweupe. Nilifunga mlango nikakimbia.

Jumamosi, 28 Machi
Sina hamu ya chakula. Kitambaa kiko chini ya godoro. Kina doa la mviringo, na mahali pa macho pako wazi. Naogopa kukifua. Naogopa kutokifua.

Jumapili ya Matawi, 29 Machi
Hakuna aliyeona. Lakini katekista ametangaza: Mzee Mutiso aliyechonga vituo atakuja Ijumaa Kuu kutoka Mbumbuni. Haoni tena. Atagusa kila kituo kwa vidole.

Halafu akanigeukia. "Wewe wa vitabu, utasoma cha sita. Na usisome kama kuku aliyenyeshewa."

Watu wakacheka.

Jumanne, 31 Machi
Nimebeba polishi ya Baba hadi kanisani. Nikasimama na mkebe mkononi. Sikuweza. Bila weusi, uso umechoka kabisa. Alama za patasi zinashuka mashavuni kama jasho. Miaka yote nimesali hapo, sikuwahi kumwona.

Sasa mzee atajua. Nitanyang'anywa ufunguo. Sina pengine pa kukaa peke yangu na Mungu.

Ijumaa Kuu, 3 Aprili
Nilisoma, "Veronika anapangusa uso wa Yesu." Vidole vya mzee vilifika usoni, vikasimama.

"Nani ameuosha huu?"

Katekista akanitazama.

"Ni mimi, mzee. Kwa sabuni."

Akapapasa tena, polepole, mashavu yote mawili.

"Ai, mwiitu, binti yangu! Nilipomaliza kumchonga huyu, nilimwogopa. Ndiyo maana nikampaka polishi." Akacheka kidogo. "Msimpake tena. Haya, soma."

Nikasoma.

Jumamosi, 4 Aprili
Katekista hajaudai ufunguo. Nimefagia. Vituo kumi na vitatu nimevipangusa kwa kitambaa kikavu. Kile chenye doa kiko ndani ya daftari hili, sijakifua.

Cha sita nimekigusa kwa vidole, macho nimefumba.