Msaidizi wa Mtu Aliyeondoka

Jumapili jioni, Tunduma. Upepo wa Juni umepiga bati kutwa nzima, na vumbi limeingia hata ndani ya chai.

Jana tulishinda, mbili kwa moja. Niliiongoza timu peke yangu kwa mara ya kwanza, maana kocha mkuu wetu, Sichone, alivuka mpaka Alhamisi kwenda kufundisha timu moja ya Zambia. Wachezaji walinikumbatia mpaka kofia ikaanguka. Kwa muda ule mfupi nilijiona mtu.

Kisha katibu wa timu akaniita pembeni.

"Ndugu Athumani, hongera. Ila kamati imepata mwalimu mpya kutoka Mbeya. Anakuja na msaidizi wake."

"Na mimi je?"

"Wewe ulikuwa msaidizi wa Sichone. Yeye akiondoka, mkataba wako nao umekwisha. Ndivyo mlivyoajiriwa." Akatazama chini. Si mtu mbaya. "Ukipenda, baki utunze jezi na mipira. Mshahara hakuna, posho tu siku ya mechi."

Misimu mitatu nimewakimbiza vijana hawa kwenye baridi, nimewakanda misuli, nimewatuliza walipofungwa. Kumbe nilikuwa nimefungwa kamba kwenye mguu wa mtu mwingine.

Leo asubuhi nilivuka kwa miguu hadi Nakonde, upande wa Zambia, kwa shemeji yake Sichone, nikamkuta Sichone mwenyewe bado anangoja usafiri. Hakunificha.

"Kule wana msaidizi tayari, mdogo wangu. Niliuliza. Haki ya Mungu, niliuliza."

Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Nikarudi upande wangu.

Sasa niko chumbani. Nje wachezaji wanapita wakicheka kwa Kinyamwanga, lugha ambayo mpaka leo najua salamu zake tu. Hakuna aliyegonga mlango.

Mke wangu Mwanaidi yumo ndani ya treni.

Nilimwita mwenyewe aje na watoto, nikamwambia kazi imetulia. Ameuza kuku, ameaga majirani wote Korogwe. Kesho wanashuka hapa.

Katibu nimeshamjibu: jezi sitatunza. Huyo mwalimu mpya nitamwendea anisikilize. Akikataa, nitabeba magunia mpakani kama wanaume wengine.

Ila nimwambie Mwanaidi wakati gani? Pale pale stesheni, mizigo ikiwa bado kichwani? Au nimwache kwanza ale, alale, aamke walau asubuhi moja akiamini amefika nyumbani?