Kaburi la Nyamai wa Mbithi

Jericho, 4 Machi 1978

Dada Ndindi,

Hujambo? Na baba, kifua kimemwachia? Mimi mzima, na usishtuke: Ufaransa nzima sasa inangoja mdomo wangu. Madam Odile, Mfaransa aliyepanga nyumba Buruburu, ametunga riwaya tangu ujana. Zilipododa akageukia kuandikia watu wa sinema. Mimi humsimulia maisha ya hapa, yeye anapiga taipu. Kazi yenyewe siielewi: anaandika, mkubwa wa picha anafuta, anaandika tena, akitoa moshi kama jiko la makaa. Anasema kwenye riwaya mhusika wake alikufa polepole, kitabu kizima. Kwenye sinema anapewa dakika moja.

Wiki ijayo tunapiga picha huko mtaa wa Baba Dogo, nami naigiza. Msalaba wa kaburi nimechonga mwenyewe. Wewe endelea kuchambua maharagwe.

Ndugu yako maarufu,
Mbithi

Wamunyu, 27 Machi 1978

Mbithi,

Sisi wazima, wote, na hilo "wote" nimeliapia mbele za watu. Jumamosi boma lilijaa akina mama na unga na sukari, wakilia. Baba akatoka, tezo mkononi. "Nani amekufa?"

"Si ni wewe."

Muindi, yule dereva wa lori, alipita Baba Dogo akakuona unagaagaa kaburini, msalaba una jina la baba. Akajua ni mchongo wa nyumbani, akaleta tanzia. Sasa unga upo tu: kuupika ni kula matanga ya baba, na wenyewe wamekataa kuuchukua. Baba chakula anasukuma. Jana tu aliniuliza, "Huyu kijana aliniona wapi nimekufa?" Nimjibu nini?

Dadako,
Ndindi

Jericho, 9 Aprili 1978

Dada,

Mfikishie baba salamu, kama atazipokea.

Kaburi alilitaka mkubwa wa picha. Madam Odile akaniambia, "Nipe jina la mtu mwema, watu wamlilie." Nikafikiri weee, sikumjua mwingine. Hata kulia sikuigiza. Nilipoliona lile jina machozi yalikuja yenyewe, wakanisifu mimi fundi, nami nikavimba kichwa.

Msalaba nimeung'oa nikauchoma. Mwambie baba ale. Juzi nikamwendea Madam alifute jina, si kazi yao ni kufuta? Nikakuta nyumba ina mpangaji mwingine. Amerudi kwao na picha.

Mengine yote, dada, ni mdomo wangu tu. Kilichoharibika ni hiki: kila watakapoiwasha picha ile huko, baba atazikwa tena, nami sipo wa kuwaambia yuko hai.

Mwana wa baba,
Mbithi