Sindano ya Mkononi

Igowole, Alhamisi, Julai 1957

Kesho nimjibu daktari, na sijui nitamjibu nini. Anataka nirudi Iringa anichome sindano ndani ya msuli wa mkono, kisha apitishe umeme aone mishipa ya fahamu imeharibika wapi. Hakunificha kwamba itauma.

Mume wangu ananisihi. "Mama Tumaini, ni maumivu ya siku moja tu."

Siogopi sindano. Naogopa kuambiwa niache ukunga. Kazi nyingine sijui.

Lakini leo asubuhi, nikimzalisha mke wa mwalimu, vidole vililegea ghafla na mtoto akaniponyoka. Bibi yake alimdaka kabla hajafika chini. Akanitazama, akasema taratibu, "Umechoka, mkunga. Pumzika."

Nikaitikia kwamba nimechoka. Nilimdanganya mama wa watu.

Mtoto ni mzima, ananyonya vizuri. Na kama bibi yule angekuwa amesimama mlangoni...

Nimemweleza mume wangu yote. Akauliza lori la Iringa linapita lini.

Nitakwenda. Na kabla ya kupanda lori nitapita kwa yule bibi, nimwambie kweli.