Waliobeba Bunduki Yangu

Satellite, Nairobi

Njeri mjukuu wangu,

Huku sote wazima, na mke wangu, cucu yako, amepona goti. Barua pepe yako nimesomewa. Unauliza kama vifungo virefu vya huko Texas vinapunguza uhalifu. Mimi nilikuwa askari jela tu, sijui.

Lakini siku moja, nikiwa kijana, nilikuwa nalinda wafungwa sita wakifyeka nyasi karibu na Dagoretti Corner, malaria ikaniangusha. Nilizinduka nikiwa mgongoni mwa mmoja wao, mwizi wa ng'ombe, mwenzake amebeba bunduki yangu, tunarudi jela. Na wangeweza kwenda makwao!

Langoni wakaulizwa, "Askari wenu yuko wapi?"

"Huyu hapa. Fungueni haraka, ni mgonjwa."

Wakahesabiwa. Walikuwa sita.

Guka wako