Bomu Lililong'oa Jicho la Koplo Rogath

Jumanne, 5 Agosti 2025
Taifa na litulie lisikilize! Leo saa nne asubuhi, dukani kwangu Mtaa wa Narung'ombe, kati ya boksi la balbu na boksi la tochi, mimi Rogath, koplo mstaafu mwenye jicho moja, nimechaguliwa kwa kauli moja kuwa Mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Keki.

Keki ya nini? Ya utafiti. Daktari Badria, bingwa wa macho, anataka kujua ni kitu gani hasa kinachowapofua askari, ili wanaokuja wakingwe. Utafiti unataka fedha. Na sisi Kariakoo kuchangisha tunajua njia moja tu: ya harusi. Kwa hiyo kuna kadi, kuna sare, kuna ukumbi, kuna mshereheshaji. Bado bwana harusi tu.

Alhamisi, 7 Agosti
Mama Zena, muuza vitenge, mwenyekiti wetu mkuu, anataka keki ya umbo la jicho. Nikauliza nani atakata mboni. Kaninunia. Nikasema sisi Wachagga shughuli bila ndafu si shughuli — mbuzi mzima wa kubanika, kasimama mezani.
"Baba Brightness, hii ni ya macho, siyo ya tumbo!" kanifokea.
Kura. Mbuzi kashinda. Utafiti haukutajwa.

Jumatano, 13 Agosti
Kadi zimetoka. Mimi na magwanda yangu, na chini: "Shujaa aliyepoteza jicho kwa bomu mpakani." Mzee Filbert, mwagizaji wa vipuri, kaisoma mara mbili, kaahidi fedha nyingi kuliko wote. Yeye anachangia mashujaa, kasema.
Mke wangu Candida kaisoma mara moja. Kacheka hadi kashika meza. "Bomu? Haya, baba."
Anajua. Miaka thelathini nalisimulia bomu hilo dukani, pamoja na mlio wake. Linauza balbu vizuri sana.

Jumamosi, 16 Agosti
Daktari Badria kaja na fomu zetu, sisi wastaafu kumi na wawili tulioumia macho jeshini. Penye "chanzo cha jeraha" wote tumeandika bomu. Hata Bakili, mkaanga samaki wa Feri, ambaye jeshini alikuwa fundi magari!
"Shikamooni wazee wangu. Kwa mabomu yote haya, nani alibaki wa kupika?"
Tukacheka. Yeye hakucheka. Kasema tukiandika bomu atatafiti bomu, na wanaoumizwa na kingine wataendelea kuumia.
Jioni Brightness kapiga — binti yangu, askari, mwaka wake wa kwanza kambini. Mambo poa. Siku hizi kila Jumamosi mchana zamu yake ni kufyeka majani.
Nilitaka kumwambia avae miwani. Angeuliza kwa nini. Nikamuuliza hali ya hewa.

Jumamosi, 23 Agosti, saa nane mchana
Naandika nikiwa stoo ya ukumbi, nimekalia kreti la soda. Nje kunawaka!
Ilikuwa hivi. Ndafu kaingizwa kwa vigelegele, majani mdomoni, kama kawaida yake. Mshereheshaji kanipa kisu na maiki: "Koplo, kabla hujakata, lipue lile bomu!" Ukumbi mzima: "Li-pu-e! Li-pu-e!" Nikamtazama mbuzi. Majani yale.

Nikasema. Hapakuwa na bomu. Mpaka wenyewe sijawahi kuuona. Tulikuwa tunafyeka nyuma ya bweni, mimi na Bakili, tunashindana nani atamaliza kwanza. Nafyeka kwa sifa, wapishi wa kike wanatazama. Fyekeo likagonga jiwe. Kipande kikaruka. Basi. Na leo, saa hizi, binti yangu anafyeka.

Kijiko kikaanguka. "Baba Brightness! Baada ya kadi mia tatu!" — Mama Zena huyo. Bakili akainuka: "Mimi yangu ni maji ya betri." Mwingine: cheche za kuchomelea. Daktari Badria kaandika mpaka wino ukamwishia, kaazima kalamu ya mshereheshaji.

Mzee Filbert kachukua bahasha yake mezani, kairudisha mfukoni. Lakini hakuondoka. Kanifuata hadi mlango wa stoo.
"Huyo binti yako, akifyeka anavaa nini machoni?"
Sijui. Sijawahi kumuuliza.
Kasimama pale pale, anasubiri jibu. Nimepiga. Simu inaita. Hapokei. Napiga tena —