Pipa Lililoganda

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi za mdogo wako huku kusini, mjini Joni. Mwili wangu hauna ugonjwa. Wewe je, na watoto, na shemeji na mgongo wake? Barua yako ya kunijulisha kwamba mama mmeshamzika ilinifika Jumatatu. Umeuliza kwa nini sikuja na hali niliahidi. Nitakuambia ukweli, hata ukinikasirikia.

Kazi yetu hapa kiwandani ni kutengeneza unga mweupe, mwepesi kuliko unga wa ulezi, wa kuchanganya na mpira ili soli za viatu zisilike haraka. Mchanga huyeyushwa kwa magadi tanurini, kisha hupikwa ndani ya maji mpaka uwe uji mzito. Halafu tunatia tindikali pipani kidogo kidogo huku tukikoroga, na unga unajitenga. Tunauchuja, tunauosha, tunaukausha.

Siku ya kuondoka kuja kumwona mama mgonjwa nilikuwa nimebakiza pipa moja, na lori la kuja huko nyumbani kaskazini lilikuwa la saa tisa. Nyampara wetu, mzee wa Mbebe, mtu wa nyumbani kabisa, aliniambia, "Usilikimbize, mwanangu. Likiganda utalichimba mwenyewe."

Mimi mjuaji nikafungulia tindikali yote. Lilipoanza kuwa zito nikafanya kama mama alivyotufundisha ugali, nikalisonga kwa nguvu. Dada, pipa zima liliganda kama supu ya makongoro iliyopoa.

Nililichimba kwa sepetu siku tatu. Siku ile ile ya kwanza nilisikia honi ya lori likiondoka, nami nimo ndani ya pipa. Jingine lilikuwa la mwezi uliofuata, na mama hakuweza kungoja. Unasema kila gari lililopita hapo Itaka alikuwa akiuliza kama nimeshuka. Hapo ndipo ninapoumia. Ningevumilia saa moja tu, ningemkuta.

Viatu vyake nilishanunua, vyenye soli ya unga wetu, kwa kipimo cha ule uzi ulioupima kwenye mguu wake, ukaufunga fundo na kunitumia. Nimempa nyampara akuletee, anakuja likizo. Vaa wewe. Mguu wako ni mfupi kuliko wa mama, kwa hiyo jaza kitambaa mbele.

Nisalimie shemeji, baba mdogo wa Msangano, na mzee wa kanisa aliyemwombea mama kaburini.

Uzi nimebaki nao.

Ni mimi mdogo wako,
Yohana