Mlango Umezidi Vidole Vinne

Jumatatu, 4 Novemba 1974

Tumehamia kijiji kipya. Nyumba ya tatu kutoka barabarani. Paa la nyasi, kuta zimenyooka. Mlangoni wamefunga mabua — mbuzi akipiga chafya yanaanguka!

Mume wangu Bernardo anasema ni ya muda. Mlango wenyewe ni ule wa mninga ulioko nyumba ya zamani, mwendo wa saa moja. Marehemu baba yake aliuchonga kwa mkono wake. Mama mkwe, Mama Apolinaria, hataki kuhama bila huo. Mlango kwanza, yeye baadaye. Na Jumamosi ya tarehe 16 nyumba za zamani zinabomolewa zote. Katibu wa kijiji ametangaza.

Jumamosi, 9 Novemba

Wanaume wanne wameuleta. Mama kabaki kule, na mkeka mlangoni. Kaambiwa ni usiku mmoja tu.

Haukuingia! Umezidi vidole vinne. Fundi Masolwa, aliyejenga, katoa kamba aliyopewa na Bernardo iwe kipimo cha upana. Kaiweka kwenye uwazi: sawasawa. Kaiweka kwenye mlango: fupi. Wakatazamana.

Kumbe Bernardo alibandua gome bichi la mti wa miyombo liwe kamba, akapima, akafunga fundo, kisha akaitundika kamba juu ya moshi wa jiko mwezi mzima ndipo akampa fundi. Imekauka, imenywea. Mnyamwezi mzima, mrina asali, hajui gome hunywea! Nimecheka peke yangu jikoni. Halafu nikamkumbuka mama na mkeka wake.

Jumapili, 10 Novemba

Baada ya misa nimekwenda kwake. Shikamoo, marahaba, kisha akanionyesha nyayo za fisi uani. Anasema alimpigia sufuria. Nimeogopa. Nikamsihi aje kwetu leo leo. Hataki. Nikasema basi Masolwa apunguze mlango kwa msumeno, ni kazi ya nusu saa.

“Yaya,” kasema. Hapana.

Nikauliza kwa nini. Mumewe alitolewa kwenye mlango ule amelala kitandani, kitanda hakikuinamishwa hata kidogo. Naye anataka kutoka hivyo hivyo. Kama ni kuchonga, wachonge nyumba.

Bernardo atalala kwake mpaka tarehe 16. Na mkuki.

Jumatano, 13 Novemba

Masolwa kaukagua ukuta. Unakatika, anasema. Mti wa juu ya uwazi ni mrefu, utabeba. Ila ana nyumba tano za wengine, tumsubiri Jumamosi. Mvua kidogo. Shuleni, darasa langu la tatu wamefeli hesabu, wote.

Jumamosi, 16 Novemba, saa nne asubuhi

Naandika nimekaa juu ya mlango. Umelazwa uani.

Mama amefika mapema, na kigoda chake na kuku wawili. Hajaingia ndani. Amekaa nje akitazama. Masolwa kachora mstari kwa mkaa, Bernardo kapiga sururu mara sita. Tofali mbili zimetoka vizuri.

Katibu huyu hapa! Simamisheni, anasema. Nyumba imeshaandikwa kuwa imekamilika. Wageni wa wilaya wanakuja Jumatatu, wasikute ukuta uliobomolewa. Bernardo kaeleza. Katibu kasema mlango wa mabua unatosha, wengine mbona wanakaa nao? Bernardo kaeleza tena, sasa anamwita ndugu mheshimiwa. Sururu kaiweka chini. Masolwa anafuta mkaa mikononi.

Mama amesimama, amefunga khanga kiunoni, amewachukua kuku wake. Anashika njia ya nyumba ya zamani. Wabomoaji walishapita hapa na magongo, wameelekea huko huko. Nimemwita. Hageuki.

Bernardo bado anaeleza. Nina hasira na mume wangu, naandika nisije nikaisahau. Hata kumtazama mama yake hajamtazama.

Sururu iko miguuni pangu. Nimeinyanyua kujaribu, macho kwenye mstari wa mkaa ukutani. Si nzito kama nilivyodhani —